Kinshasa mwezi wa nane: siku kumi ni siku nne

Mwezi wa nane ukiingia, mazungumuzo ya Lubumbashi yanageuka. Katika taksi, sokoni, mbele ya kanisa, utasikia: «Mwaka huu tunapeleka watoto Kinshasa.» Vakansi ilianza mwezi wa saba, mipango imepikwa pole pole kwa moto mudogo, na sasa siku zimebaki kidogo. Sisi wa ukurasa huu tunaunga mukono ile safari. Mutoto wa Katuba ao wa Kamalondo anaweza kujua Kasumbalesa, anaweza hata kufika Ndola na Lusaka pamoja na mama yake mwenye kufanya biashara, lakini muji mukuu wa inchi yake anauona tu katika televizyo. Hilo si jambo dogo.

Lakini kila mwaka tunaona pia upande wa pili. Siku ya kwanza ya masomo inafika, na kuna jamaa ambazo bado zimekwama kule, juu tike ya kurudi haikununuliwa. Kuna zingine zilirudi vizuri, picha zimejaa katika telefone, lakini feza ya masomo ilibaki kule. Basi tunataka kuongea juu ya ile safari vile ndugu wanaongea ndani ya nyumba, mbele mutu hajafungua mufuko.

Kiangazi cha kule si cha huku

Sisi watu wa Katanga tumezoea kufikiri kwamba kiangazi ni kimoja kwa inchi yote. Huku kwetu mvua inakatika mwezi wa nne, baridi inauma mwezi wa sita na wa saba, kisha mwezi wa tisa na wa kumi jua linachoma mpaka mvua irudi, na mara nyingine tunaingoja mpaka mwezi wa kumi na moja. Basi mutu anajisemea: mwezi wa tisa ni mukavu, nitaenda tu bila haraka.

Kinshasa haiko vile. Lubumbashi iko kwenye digrii zaidi ya 11 kusini ya ikweta, Kinshasa iko kwenye digrii 4 tu. Kule kiangazi ni kifupi. Kinaanza kuelekea mwezi wa sita, na tangu nusu ya mwezi wa tisa mvua ya kwanza inaweza kuanguka wakati wowote. Wakati sisi tunafunika uso juu ya vumbi na moto, wao wanatafuta buti.

Na mvua ya Kinshasa si ya kuchezea. Ule muji umepanda juu ya vilima vya muchanga upande wa Ngaliema na Mont Ngafula, na umeshuka katika bonde la maji upande wa Limete, Masina na Ndjili. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2022, usiku mumoja wa mvua uliua watu zaidi ya 100. Mwezi wa nne mwaka 2025, muto N'djili ulitoka katika njia yake, watu wakakufa tena, na barabara kubwa inayopeleka kwenye kiwanja cha ndege ikakatika. Mutu mwenye tike mukononi alibaki upande huu wa maji. Ndiyo sababu tunasema: kama unataka kwenda na watoto, nenda mwezi wa nane. Usiongope kwamba utakosa jua. Jua kweli utalikosa kidogo, maana mwezi wa nane mbingu ya Kinshasa inakuwa ya majivu siku nzima, lakini barabara ni kavu, na hata vile vijia vya udongo vya pembeni vinapitika.

Makoti mazito ya mwezi wa sita yaache nyumbani. Mushangao wa kwanza wa watu wetu ni kuona Wakinois wamevaa jaketi asubuhi, wanajikunja wakisema kuna baridi, na sisi tunatoka jasho. Chandalua ao dawa ya mbu, hiyo ndiyo usisahau.

Sasa tarehe. Tarehe 1 ya mwezi wa nane ni siku ya wazazi. Asubuhi watu wanaenda kwenye makaburi, muchana wanakula na wazee walio wazima. Ni siku nzuri ya kuwa na wazazi wako mwenyewe hapa Lubumbashi, kisha ndiyo uondoke. Masomo yanaanza siku ya kwanza ya juma, mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Kati ya hizo tarehe mbili kuna karibu majuma mane, na sisi tunasema rudi kabla ya tarehe 25. Hatusemi 31. Ndege inaweza kuahirishwa siku moja, ao mbili. Mutoto anahitaji kulala, kukatwa nywele, kujaribu nguo za masomo. Tena katika zile siku za mwisho kila mutu anataka kiti, na bei inajua hilo.

Angalia pia siku za posho. Mwezi wa nane Kinshasa ni mwezi wa ndoa. Kama ndugu zako wa kule wana ndoa, watakuchagulia liputa ya jamaa na utailipia. Uliza mbele, kwa upole. Jambo hilo likikuja kwa gafula linaweza kula feza ya siku tatu.

Njia iliyobaki ni moja

Kwenye karatasi kuna barabara. Ile barabara ya kitaifa namba 1 inatoka Banana kwenye bahari, inapita Matadi, Kinshasa, Kikwit, Tshikapa, Kananga, Mbuji-Mayi, inafika mpaka kwetu na kwenye mupaka wa Zambia. Ni kilomita zaidi ya 2,000, na kuna sehemu ambazo lori linalala ndani ya matope ao muchanga siku nyingi. Wafanya biashara wanaipita kwa sababu zao. Si njia ya mutu mwenye watoto na tarehe ya kurudi.

Wazee wetu walikuwa na njia ingine, na inafaa kuielezea watoto hata kama hawataipita. Tangu mwaka 1928 reli ilifika Ilebo, wakati ule ikiitwa Port-Francqui. Ulipanda treni hapa, ukafika kwenye muto Kasai, ukaingia katika mashua, ukateremuka mpaka Kinshasa. Wengine katika jamaa zetu waliifanya ile safari wakienda kusoma ao kufanya kazi, na walikuwa wakielezea juu ya samaki wa Ilebo maisha yao yote.

Inabaki ndege. Kutoka Luano mpaka N'djili ni zaidi ya kilomita 1,500 mustari ulionyooka, saa mbili na kitu. Bei hatuandiki, maana tukiiandika leo, posho itakuwa imekufa. Tunakupa namna ya kuuliza. Pita katika ajansi tatu siku ileile. Usiulize tu «Ni ngapi?» Uliza ni kwenda na kurudi? Bagaji ni kilo ngapi, na ile kilo ya juu wanaihesabu namna gani? Nikibadilisha tarehe ya kurudi nitalipa nini? Go Pass iko ndani ya bei ao nitailipa kwenye kiwanja? Mutoto mwenye hajafikia miaka miwili anakaa kwenye magoti ya mama na analipa sehemu ndogo tu, lakini akishapita miaka miwili ni kiti chake. Na jina kwenye tike lifanane herufi kwa herufi na lile la kitambulisho. «Ilunga» na «Illunga» kwenye dirisha la kiwanja ni watu wawili.

Kama watoto wanasafiri na shangazi ao mujomba, si na wazazi, chukua cheti cha kuzaliwa cha kila mumoja na barua ya wazazi yenye muhuri. Usingoje kuambiwa hivyo ukiwa tayari kwenye mustari.

Chagua ndege ya asubuhi. Hapa kuna jambo ambalo watu wanasahau. Saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu saa moja. Ukiondoka asubuhi utafika bado asubuhi, na uko na muchana wote mbele yako. Na utauhitaji. Kutoka N'djili mpaka Gombe ni kilomita karibu 25. Mutu wa kule anaweza kuzifanya kwa dakika 40 siku ya Mungu alfajiri. Siku ya kazi, jioni, zinaweza kuchukua saa tatu, ukiwa umekaa na mufuko juu ya magoti, na mutoto analilia maji.

Lupango la ndugu

Wengi wetu hatulali hoteli. Tunalala kwa ndugu, na ni vizuri vile. Lakini Kinshasa ina komini 24, na watu zaidi ya milioni 15 kadiri watu wengi wanavyokadiria, maana hesabu ya kweli ya wakaaji haijafanywa katika inchi yetu tangu mwaka 1984. Kusema «niko na yaya Kinshasa» ni kama kusema «niko na yaya Katanga». Ni komini gani? Yaya wa Kimbanseke na yaya wa Kintambo ni wote yaya, lakini safari zako za kila siku hazitafanana hata kidogo. Kama una nafasi ya kuchagua, lala upande wa Limete, Lemba, Kalamu ao Bandal. Kutoka pale unaweza kwenda pande zote bila kuvuka muji muzima. Kama huna nafasi ya kuchagua, lala kwa yule anayekupenda, na uamke mapema.

Namna ya kuomba ni muhimu. Usitume ujumbe wa mustari mumoja kwamba unakuja. Piga simu, na sema yote. «Yaya, tutakuwa watu wane, siku kumi. Tutaleta unga na bitoyo, na feza ya soko tutatoa. Kama haiwezekane sema tu, hatutakasirika.» Mutu akisikia hivyo anaweza kujibu ukweli wake. Maisha ya kule ni magumu kama ya huku, nyumba nyingi ni ndogo, umeme na maji vinakuja na kuenda. Na ile feza ya soko, mupe mama wa nyumba mukononi siku ya kwanza. Wageni wengi wanaiweka mpaka siku ya kuaga, na kwa siku tisa mama wa watu anakopa kwa jirani.

Katika bagaji weka unga wa mahindi wa kwetu, bitoyo, na finkubala kama zinapatikana. Watu wa Katanga wanaoishi kule wanakula fufu ya muhogo iliyochanganywa, wanaizoea, lakini bukari ya mahindi matupu inawarudisha nyumbani. Tumeona baba munene wa miaka 60 akifungua mufuko wa unga jikoni na kunyamaza.

Hesabu ya siku

Tufike kwenye jambo lenyewe. Chukua karatasi, andika siku kumi. Ondoa ya kwanza, ni ya kusafiri. Ondoa ya mwisho, kwa sababu ileile. Ondoa siku ya Mungu, maana mwenyeji wako atataka muende pamoja kanisani kwake, na ibada za kule haziishe haraka. Ondoa siku moja ya kilio, ile Wakinois wanaita matanga. Katika jamaa kubwa ya Kinshasa hakukosekane mutu wa kulilia katika siku kumi, na ukiwa pale hauwezi kubaki nyumbani. Kisha ondoa siku mbili za kusalimia wazee. Zinabaki nne.

Watu wanakasirika tukisema hivyo. Lakini wale wanaorudi wakilalamika kwamba hawakuona kitu ni wale ambao walikuwa na mambo kumi na tano kwa siku kumi. Wale wanaorudi na furaha walikuwa na mambo mane.

Zile siku mbili za wazee, usiziweke mwishoni. Huo ndio ushauri wetu wa kwanza, kuliko wa tike. Kila jamaa iko na nkambo mumoja kule, labda Lemba ao Ndjili, ambaye aliondoka Katanga wakati wa Zaire, na hajawahi kuona wajukuu wa huku. Anajua majina yao kwa simu tu. Watu wanasema: tutamuona siku ya mwisho tukienda kwenye kiwanja, ni njiani. Siku ya mwisho kuna foleni ya magari, ndege inangoja, wanapita mbele ya lupango, wanapiga honi, wanaenda. Mwaka unaofuata wanasikia habari. Nenda kwa nkambo siku ya pili, asubuhi, na mukae mpaka chakula cha jioni. Acha watoto wamuulize maswali. Bonobo watangoja, muto utangoja.

Siku moja, upande mumoja

Siku nne zilizobaki, zipe kila moja upande wake, na usivuke muji mara mbili kwa siku moja. Foleni za magari za Kinshasa zinajulikana mpaka inje ya inchi. Mwezi wa kumi mwaka 2024 serikali ilijaribu kugeuza barabara kubwa kuwa za upande mumoja kwa saa fulani, na jaribio lile halikudumu. Zile roboti kubwa za kuongoza magari, ambazo Wakongomani wenyewe walitengeneza, watoto wanazipenda sana, lakini gari linaloona roboti na gari linalotembea ni vitu viwili.

Kuna namna nyingi za kutembea. Pikipiki kule wanaita wewa, ni manseba yetu ileile. Taksi ndogo wanaita ketch. Basi kubwa za Transco ni za bei ndogo na zinajaa. Na zile basi za zamani ambazo watu walizipa jina la esprit de mort, jina lenyewe linatosha. Jua neno moja: demi-terrain. Saa za watu wengi, dereva anakata njia vipande viwili, anakuteremusha katikati, unalipa tena. Panga feza ya njia mara mbili, hautashangaa. Na toka nyumbani mbele ya saa moja asubuhi. Kama muko watu wane ao watano, kukodi gari la siku nzima na dereva ambaye ndugu zako wanamujua kunaweza kuwa na faida kuliko basi sita.

Siku ya kwanza tungeipa Bulvari Triomphal. Pale kuna Palais du Peuple, Stade des Martyrs, na makumbusho ya kitaifa iliyofunguliwa mwaka 2019, iliyojengwa kwa musaada wa Korea ya Kusini. Ndani utaona vitu vya makabila ya inchi yote. Kuna kinyago kikubwa Kakungu cha Wasuku, ambacho mufalme Philippe wa Ubelgiji alikileta mwezi wa sita mwaka 2022. Kwa karatasi ni mukopo usio na mwisho. Waelezee watoto maana ya mukopo wa kitu chako mwenyewe, na mwone watakavyojibu. Kisha muwaonyeshe ule uwanja wa michezo na muwaambie jina lake linatoka wapi. Ni juu ya wale wane walionyongwa mbele ya watu mwaka 1966, na mumoja wao alikuwa Évariste Kimba, mutu wa Katanga, aliyekuwa waziri mukuu muda mufupi mwaka 1965. Watoto wengi wa Lubumbashi wanashangilia mupira wa Stade des Martyrs bila kujua kwamba mumoja wa wale mashahidi ni wa kwao.

Siku ya pili ni Limete, kwenye Échangeur. Ule munara wa zaidi ya mita 200 unauona tangu ukitoka kwenye ndege. Chini yake kuna kaburi la Patrice Lumumba. Kwa sisi wa Lubumbashi hapo si mahali pa picha tu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1961 alifikishwa hapa kwetu kwa ndege, na usiku ule akauawa upande wa Shilatembo. Jino lake, ndilo lililobaki, lilirudi kutoka Ubelgiji mwaka 2022, likapitishwa Sankuru, Kisangani na Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi wa sita. Mutoto ambaye ameona Shilatembo na ameona Limete ameshika ile habari kwa ncha mbili. Mahali hapo paliharibiwa na watu mwaka 2024, basi uliza wenyeji kama pako wazi siku unayotaka.

Siku ya tatu, toka katika kelele. Upande wa Mont Ngafula, karibu na maporomoko madogo ya Lukaya, kuna Lola ya Bonobo, maana yake paradiso ya bonobo. Claudine André aliianza mwaka 1994 ili kulea bonobo wadogo ambao mama zao waliuawa na wawindaji. Bonobo hawaishi porini katika inchi ingine yoyote ya dunia, ni hapa Kongo tu, kusini ya muto. Watalii wanatoka Ulaya kuja kuwaona, na kuna Wakinois wazee ambao hawajafika. Inaomba gari lenye nguvu, maana mwisho wa njia ni udongo. Katika kiangazi inapitika vizuri. Beba chakula chako, na usiwape wanyama kitu.

Siku ya ine ni ya muto. Ngaliema, Kinsuka, pale maji yanaanza kupiga mawe na kufanya kelele. Sisi watoto wa Lubumbashi na Kafubu hatujui maji kama yale. Ng'ambo ni Brazzaville, inchi ingine, unaona majumba yake kwa macho. Wengi wanataka kuvuka kwenye Beach Ngobila ili waseme walifika. Kuvuka kunaomba karatasi, feza, na siku nzima, na wewe uko na siku nne. Kaa upande huu, kula samaki wa liboke na kwanga, acha watoto watazame. Jioni, kama muko na mutu wa kuwaongoza, piteni Matonge kwenye Place des Artistes, kuna sanamu ya Franco. Rumba yetu na ya Brazzaville iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 katika hazina za dunia, lakini pale inapigwa bila kungoja UNESCO. Nyama ya mbuzi iliyochomwa, ile sisi tunaita michopo, wao wanaita ntaba. Mufike nyumbani mapema.

Shamba la mimea la Kisantu ni zuri sana, lakini ni kilomita karibu 120 kwenye njia ya Matadi. Liweke kwa safari ya pili.

Midomo na mifuko

Lingala na Kiswahili ni wote lugha za taifa, pamoja na Kikongo na Tshiluba. Lakini katika soko la Kinshasa, ukisema Kiswahili bei inapanda mbele haujamaliza neno. Wanajua wewe ni mugeni. Fundisha watoto «mbote» ya kusalimia, «boni?» ya kuuliza bei, «awa» ya kusema hapa. Kisha mwache mwenyeji aongee. Kule sisi wote tunaitwa Baswahili, utoke Kolwezi ao Bukavu ao Kalemie, na mara nyingi ni muchezo tu. Lakini vita ya mashariki imefanya watu wengine wawe na maswali juu ya kila sauti ya Kiswahili. Tembea na kitambulisho, jibu kwa utulivu, usianze mabishano katika basi. Na usipige picha za ofisi za serikali, askari, wala kiwanja cha ndege.

Feza ya masomo isipande ndege. Tunasema hivyo waziwazi. Masomo ya musingi katika shule za serikali ni bure tangu mwezi wa tisa mwaka 2019, lakini madaftari, viatu, nguo za bluu na nyeupe, na shule ya sekondari vinakungoja. Nunua madaftari na nguo mbele ya kuondoka, wakati bei bado ni ya mwezi wa saba, uvifungie ndani ya kabati. Ile ingine ipe mutu ambaye hawezi kukuonea huruma: muzee wa jamaa, ao dada yule ambaye hata ukimupigia simu ukilia kutoka Kinshasa atakuambia hapana. Kama hesabu inaonyesha kwamba tike za watu wane haziwezekane bila kugusa feza hiyo, wapelekeni wawili mwaka huu. Mukubwa aende, mudogo atakwenda mwaka ujao. Atalia siku mbili.

Dola zako ziwe safi, bila kupasuka na bila maandishi, maana noti yenye alama ndogo wanaikataa. Badilisha kidogo kidogo katika faranga juu ya basi na maji. Nyingi iweke katika simu.

Siku mbili mbele ya kurudi, mutume kijana wa nyumba kwenye ajansi ahakikishe saa ya ndege, na asimame kwenye mizani ya jirani na bagaji zenu. Mbinzo kavu ni nyepesi, liputa ni nyepesi. Kwanga ni nzito kama jiwe, na kila mutu anaomba umuletee kwanga. Weka sita tu, za wale wazee ambao hawawezi kusafiri tena.